W211 ya mkono wa tatu: pima kwanza, spea baadaye

Mercedes-Benz E-Class aina ya W211 ilitengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo tangu 2017 mlango ulishafungwa: W211 zilizoko Nairobi na Mombasa leo ni zile zile, zinatoka mkono mmoja kwenda mwingine, na kila mkono umeacha alama yake. Waya uliokatwa na kuunganishwa kwa selotepu, oili ya bei nafuu, themostati iliyotupwa. Bei ya kulinunua gari imeshuka sana. Bei ya spea zake haikushuka pamoja nalo.

Wengi wanaoliuza kwa hasara hawakushindwa na injini. Walishindwa na kubahatisha. Taa imewaka, sensa imebadilishwa. Taa imewaka tena, kompyuta ya giaboksi imebadilishwa. Mwishoni inagundulika betri ilikuwa imechoka. Gari hili lina kompyuta nyingi zinazoongea kupitia nyaya za CAN, na volti zikipungua au maji yakiingia mahali pamoja, makosa hujitokeza kwenye kompyuta kumi kwa wakati mmoja. Fundi mwenye kifaa kidogo cha OBD kinachosoma injini tu haoni picha yote. Unahitaji kifaa kinachoingia kwenye kila kompyuta ya gari: Xentry yenyewe, ambacho ni kifaa cha Mercedes, au vya mkononi vya Autel, Launch au iCarsoft vyenye programu ya Mercedes. Soma makosa yote, yapige picha, yafute, endesha siku mbili tatu, kisha soma tena. Yaliyorudi ndiyo ya kushughulikia.

Umeme kabla ya yote

Betri kubwa iko kwenye buti, chini ya sakafu. Inatakiwa kuwa ya AGM (asidi yake imefyonzwa ndani, haichezi kama ya maji), kwa kawaida 95 Ah, yenye kibomba cha kutolea hewa nje. Ukiweka betri ya kawaida ya maji bila kibomba hicho, gesi yenye asidi inabaki ndani ya buti, karibu na nyaya na kisanduku cha fyuzi za nyuma. Pima baada ya gari kulala usiku mzima: 12.6 V imejaa, 12.2 V imebaki nusu. Wakati wa kuwasha, ikishuka chini ya 9.6 V betri hiyo haifai hata kama injini imewaka. Injini ikiunguruma, altaneta itoe kati ya 13.8 na 14.5 V. Dashibodi ikikuandikia kwamba baadhi ya huduma za ndani zimezimwa kwa muda, redio ikijizima au viti vikigoma, anza na vipimo hivi kabla ya kumwita fundi umeme.

W211 za kabla ya mabadiliko ya 2006 zina betri ya pili, ndogo, chini ya boneti: 12 V, 12 Ah. Kazi yake ni akiba ya breki za umeme. Watu wengi hawajui kama ipo, na hubadilisha betri kubwa mara mbili huku ndogo ikiwa imekufa.

Betri ikiisha chaji gari likilala siku mbili, kuna kitu kinanyonya umeme. Fungua boneti na mlango wa buti, kisha sukuma komeo zake kwa bisibisi ili gari lidhani pamefungwa. Weka ufunguo mbali, subiri angalau nusu saa kompyuta zote zilale, ndipo upime mkondo. Chini ya 50 mA ni sawa. Ukizidi, usianze kuchomoa fyuzi, maana kila unayoirudisha inaamsha kompyuta na kipimo kinavurugika. Weka mita kwenye milivolti, gusa ncha mbili zilizo wazi juu ya kila fyuzi. Palipo na namba badala ya sifuri ndipo umeme unapopita.

Ukishafunga betri mpya, taa ya ESP, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, huwaka. Zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha hadi mwisho kulia, injini ikiwa imewashwa, itazima. Vioo vya milango navyo vifundishe upya: kipandishe hadi juu, endelea kushikilia swichi sekunde mbili. Kuna gereji zinazotoza hela kwa jambo hili.

Baada ya umeme, maji. Chini ya kioo cha mbele kuna mfereji unaopokea mvua na kuishusha kupitia matundu ya pembeni. Gari linaloegeshwa chini ya mwembe au mwarobaini hujaza majani humo, maji yanapanda na kuingia ndani ya gari. Zulia la W211 lina sponji nene kwa chini. Juu linaweza kuwa kavu kabisa huku chini kuna bwawa, na chini hapo ndipo viunganishi vya nyaya za CAN vilipo. Ingiza mkono chini ya zulia, usiridhike na kugusa juu. Gari lenye paa la kufunguka lina mirija ya kutolea maji kwenye pembe. Izibue kwa uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi. Ukitumia upepo wa kompresa kwa nguvu, mrija unachomoka ndani ya nguzo na tatizo linakuwa kubwa zaidi. Nyuma, kagua sili za taa na mpira wa buti. Na kwa wa Pwani, maji ya AC ndiyo mshukiwa wa kwanza miguuni: joto la unyevunyevu hutoa maji mengi, bomba la kuyatoa likiziba yanarudi ndani.

Breki za SBC

Hapa ndipo pa kutulia. W211 za mwanzo zilikuja na breki za umeme ziitwazo SBC: unapokanyaga, kompyuta inasoma mguu wako na pampu inapeleka presha kwenye magurudumu. Mwaka 2004 Mercedes iliita magari 680,000 ya E-Class na SL kurekebishwa kwa ajili ya mfumo huu, na mabadiliko ya 2006 yakauondoa kabisa kwenye E-Class. Kujua kama gari lako linao ni rahisi. Fungua boneti, tazama kwenye ukuta mbele ya dereva. Ukiona boosta, lile duara kubwa jeusi lenye silinda ya breki mbele yake, hakuna SBC. Usipoliona, unayo.

Pampu ya SBC huhesabu kila inapofanya kazi, na ikifika kikomo huweka kosa C249F na ujumbe mwekundu wa breki unaokutaka uende gereji. Kosa hilo maana yake ni kwamba umri wa pampu umekwisha, hata kama breki bado zinashika vizuri. Wapo wanaorudisha hesabu sifuri kwa kompyuta kwa bei ndogo. Hesabu inarudi, burashi za mota na tanki la gesi ya presha havirudi. Mfumo ukizima njiani, unabaki na breki za mbele tu, pedali inazama sana na mguu unatakiwa ukanyage kwa nguvu zote. Kwenye mteremko wa Kitonga au Mai Mahiu hilo si jambo la kujaribu. Pampu ya mtumba nayo inakuja na hesabu yake, kwa hiyo isomwe kabla hujalipa.

Jambo la usalama ambalo kila anayebadilisha breki pedi za gari hili lazima alijue: SBC hujiamsha yenyewe. Ukifungua mlango, ukibonyeza rimoti, ukikanyaga pedali, pampu inajaza presha na pistoni za kalipa zinatoka kwa nguvu ya kuvunja vidole. Zima mfumo kwa kifaa cha kupimia kabla ya kugusa kalipa, ufunguo uwe mfukoni mwa mtu aliye mbali, na uuwashe tena kwa kifaa hicho hicho ukimaliza. Kuondoa hewa kwenye breki nako kunahitaji kifaa. Gereji isiyo nacho isiguse breki za gari hili hata kwa pedi tu. Mafuta ya breki ni DOT 4 Plus, kila miaka miwili, kwani hunyonya unyevu.

Injini zenyewe

E240 na E320 za petroli za miaka ya mwanzo zina injini ya M112, V6 yenye plagi 12, mbili kwa kila silinda. Sema hivyo dukani, maana wapo watakaokuuzia sita. Ni injini ngumu kufa. Huvuja oili kwenye gasketi za vifuniko vya vali na kwenye vifuniko vidogo vya pumzi vilivyo juu yake. Oili inadondokea egzosti na unasikia harufu ya kuungua ukisimama kwenye foleni. Kwa vifuniko vidogo, safisha uso na upake silikoni ya gasketi inayostahimili oili. Si kazi ya kushusha injini. Ikizima ghafla ikiwa ya moto na kuwaka ikipoa, shuku sensa ya krenki, iliyo nyuma ya injini panapokutana na giaboksi. Boliti moja ya E8, na kazi inakwisha mchana mmoja. Gari likiwa zito na kosa P0170 likijitokeza, kagua kwanza mipira ya hewa iliyopasuka, kisha sensa ya kupima hewa. Sensa za bandia za hewa ni hasara tupu. Ya Bosch iliyotumika ni afadhali kuliko mpya isiyo na jina.

E200 Kompressor ina M271 ya lita 1.8. Udhaifu wake ni cheni ya taimingi, nyembamba, inayorefuka. Ikigonga sekunde chache asubuhi ikiwashwa baridi, usisubiri. Cheni hubadilishwa bila kufungua mbele yote: ya zamani inakatwa, mpya inaunganishwa nayo na kuvutwa ndani huku krenki ikizungushwa kwa mkono. Pamoja na cheni, kagua gia za kamshafti. Meno yakiwa yamechongoka, cheni mpya italiwa nayo. La pili ni sumaku za kamshafti zilizo mbele ya kichwa cha injini. Zikivuja, oili hupita ndani ya waya wenyewe, inatembea kidogo kidogo hadi kwenye soketi ya kompyuta ya injini na sensa za egzosti. Chomoa soketi hizo ukazitazame. Zikiwa kavu, badilisha sumaku na ufunge vipande vifupi vya waya vya kukinga katikati, ili siku nyingine oili iishie hapo. Zikiwa zimelowa, wayaringi inataka kazi zaidi.

E280 na E350 zilizokuja baadaye zina M272, na hapa kuna jambo la kukagua kabla ya kununua gari. Gia ya shafti ya balansi kwenye injini za mwanzo ni laini, meno yanalika, cheni inalegea na kamshafti za upande wa kulia zinachelewa. Makosa yake ni 1200 na 1208 kwenye kifaa cha Mercedes. Tarakimu sita za mwisho za namba ya injini zikiwa chini ya 468993, ni ya kundi hilo. Kubadilisha gia hiyo ni kushusha injini, na gharama ya kazi huweza kuzidi thamani ya gari. Kwa V8 ya M273, E500 za mwishoni, kasoro inafanana lakini iko kwenye gia ndogo ya kati ya cheni, na mpaka wake ni 088611. Namba iko kwenye bloku. Muuzaji akikuambia haisomeki, mwambie aisafishe mnasubiri. Kuwa kwenye kundi hilo si hukumu ya kifo, kwani oili nzuri iliyobadilishwa kwa wakati imeziacha nyingi zikiwa salama, ila bei ishuke kufuatana na hatari.

Oili: lita 8 kwa M112 na M272, 5.5 kwa M271. Tafuta kwenye chupa namba MB 229.5, au 229.3 kwa uchache, ya 0W-40 au 5W-40. Chupa iliyoandikwa tu kwamba inafaa magari ya Ulaya haijasema kitu. Filta ya M112 na M272 ni moja, A 000 180 26 09, nayo Mann huiuza kama HU 718/5 x. Kifuniko chake ni cha plastiki, kinakazwa 25 Nm; anayekikaza kwa nguvu za mabega ndiye anayekipasua. Kwa foleni za Dar na Nairobi, badilisha kila kilomita 7,000 hadi 8,000, usifuate kompyuta inayosubiri zaidi ya hapo.

Themostati irudishwe

Desturi ya kutoa themostati ili gari lisichemshe imeenea sana, na kwenye W211 ni kosa. Themostati hufungua karibu na 87°C. Bila hiyo injini inakaa baridi, kompyuta inaendelea kumimina petroli kama ya kuwashia asubuhi, oili haikauki maji, na matumizi yanapanda. Gari lililokuwa likichemsha litachemsha tena kwenye foleni, kwa sababu chanzo kilikuwa kwingine: feni, rejeta iliyoziba, au presha inayotoroka.

Feni ya W211 ni ya umeme na kompyuta yake iko juu yake. Washa AC gari likiwa limesimama. Isipozunguka ndani ya dakika chache, umeshapata. Kifuniko cha tanki la maji kinatakiwa kushika baa 1.4. Kikilegea, maji yanachemka mapema, hata kama kila kitu kingine ni kizima. Shingo za plastiki za rejeta hukauka na kukatika bila onyo, kwa hiyo gari la umri huu rejeta yenye plastiki iliyogeuka kahawia ibadilishwe kabla ya safari ndefu.

Wengi hudhani kuleni, dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ni ya nchi za baridi. Kazi yake kubwa huku ni kuzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka. Changanya nusu kwa nusu, aina yenye idhini ya MB 325.0, na maji yasiyo na madini yanayouzwa kwa kuongezea betri. Soma chupa vizuri, usije ukachukua asidi. Maji ya bomba, na zaidi ya kisima cha Pwani chenye chumvi, hula alumini na pampu.

Giaboksi ya gia tano

Nyingi za M112 na M271 zina giaboksi ya 722.6. Ilisemwa mwanzoni kwamba oili yake ni ya maisha. Baadaye Mercedes wenyewe wakaweka mabadiliko kila kilomita 60,000. Hitilafu ya kawaida ni gari kubaki gia ya pili, halibadilishi tena. Simama, weka P, zima swichi, hesabu sekunde kumi, washa. Likirudi sawa na kosa likawa la sensa za mzunguko, N2 au N3, mgonjwa ni bamba la umeme lililo ndani, mafundi huliita kondakta pleti, A 140 270 11 61. Kabla ya kulinunua, tazama soketi ya duara yenye pini 13 upande wa giaboksi. Pete zake za mpira hukauka, oili inavuja na pia hupanda ndani ya nyaya hadi kompyuta ya giaboksi. Soketi hiyo, A 203 540 02 53, ni ya bei ndogo sana kulinganisha na kompyuta ambayo wengi huibadilisha bure. Boliti yake iko katikati, ya 7 mm.

Kazi yote hufanywa kwa mara moja. Gari liwe limelala sawasawa, juu ya stendi nne, oili ikiwa vuguvugu. Mwaga, fungua boliti sita za sinia, toa filta A 140 277 00 95. Kufikia kondakta pleti, shusha kizuizi cha vali, boliti kumi za T30; andaa kitambaa kisichotoa nyuzi, kwani uchafu mdogo unakwamisha vali. Zote hurudishwa kwa 8 Nm tu, nati ya kumwagia 20 Nm. Sinia ina sumaku: vumbi laini la kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida. Oili ni ya MB 236.14, nayo mfumo mzima hubeba karibu lita 8, ingawa kwa kumwaga sinia peke yake hutoka takriban nusu. Weka lita 4 injini ikiwa imezimwa, washa, pitisha gia zote taratibu, ongeza kidogo kidogo. Mrija upo lakini hauna kijiti. Kijiti ni kifaa cha gereji, na kipimo husomwa oili ikifika 80°C. Kujaza kupita kiasi hutoa povu, na povu linaunguza klachi kama upungufu unavyounguza.

Gari likitetemeka kati ya kilomita 50 na 80 kwa saa ukikanyaga kidogo, kama linapita juu ya bati lililokunjamana, chukua tone la oili ya gia likapimwe kama lina kuleni. Rejeta za miaka ya mwanzo hupasuka kwa ndani na kuchanganya vimiminika hivyo viwili. Wakati huo rejeta hubadilishwa kwanza, oili baadaye, mara mbili au tatu.

Miguu na spea

Mlio wa ko-ko kwenye matuta hutokana na bushi za mikono ya mbele au boljointi za chini. Kosa la mafundi wengi ni kukaza boliti za bushi gari likiwa kwenye jeki, magurudumu yananing'inia. Bushi inajisokota siku gari linapokaa chini, na inakatika ndani ya miezi. Shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Boliti za magurudumu 130 Nm, kwa spana ya kipimo.

Zenye Airmatic, yaani zinazobebwa na mifuko ya hewa badala ya springi, huzama kona moja usiku. Pulizia maji ya sabuni kwenye mirija, viungio na mfuko wa hewa kabla ya kununua kompresa. Kompresa huungua kwa sababu ya uvujaji, na ukifunga mpya juu ya mfuko unaovuja nayo itaungua. Badilisha na relei yake, maana iliyogandamana huiacha kompresa ikizunguka hata gari likiwa limezimwa.

Spea za mtumba za Gerezani jijini Dar, Kirinyaga Road jijini Nairobi, au zinazoletwa kutoka Sharjah ni nzuri kwa milango, taa, mikono ya mbele, hata injini nzima ikisikilizwa kwanza. Kwa kompyuta ni habari nyingine. Swichi ya ufunguo, kompyuta ya injini na giaboksi ya gia saba zimefungwa kwa namba ya chasisi ya gari zilikotoka, na bila mtu wa kuzifungua kwa programu hazitaliwasha gari lako. Ukienda dukani beba namba ya chasisi na picha ya namba ya spea iliyochapwa kwenye kile kifaa cha zamani. Herufi ya mwisho ikitofautiana, muulize muuzaji kwa nini, na atakayekujibu "zote ni sawa" muache.